Thuo Kabiru Yu Hai

"Mashine inasema Thuo Kabiru yu hai," karani Selpher alisema, akaigeuza ile karatasi ndefu yenye mistari ya kijani ili Waringa ajionee mwenyewe kupitia dirisha la kaunta.

Waringa hakuiangalia. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ametoka mochari. Alikuwa amemwona guka, kama walivyomwita babu yao tangu utotoni, amelazwa juu ya saruji na kikaratasi kimefungwa kwa uzi kwenye kidole gumba cha mguu. Kama yule alikuwa hai, basi alikuwa amejificha vizuri sana.

"Dada," akasema polepole, "Thuo Kabiru alifariki Jumapili. Mjane wake ni huyu hapa nyuma yangu."

"Poleni sana, mama. Lakini hapa kwetu Thuo Kabiru ni mmoja tu, na huyo yuko sawa kabisa. Hata chai ya saa nne amekunywa hapa. Yuko juu, kwa chumba cha mashine."

"Huyo ni mume wangu mdogo," cucu Wakiuru, bibi yao, akasema kutoka kwenye benchi, bila kuinua macho. "Mimi nimekuja kuuliza yule mkubwa."

Makarani wawili waliokuwa wakipiga muhuri wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba kuna msiba wakakohoa. Hawakuwa na kosa. Cucu alimwita mjukuu wake mume tangu siku ya kwanza alipompakata, kwa sababu kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Guka alikuwa Thuo, mwana wa Kabiru. Akamzaa Kabiru. Kabiru naye akamzaa Thuo. Kwa hiyo nyumba moja ya mtaa wa Umoja ilikuwa na Thuo Kabiru wawili, mmoja mzee wa ndevu nyeupe na mwingine kijana wa tai, na hakuna aliyewahi kuwachanganya, hata paka.

Ofisi hiyo ilikuwa ya Ushirika wa Tujaliane, chama cha kuzikana cha wafanyakazi wa viwandani. Guka, aliyekuwa bawabu wa kiwanda cha sabuni, alikuwa mmoja wa waliokianzisha, wakati ule walipokuwa wakiwasukuma marehemu wao kwa mkokoteni. Sasa chama kilikuwa na basi lake, seremala wake na wabebaji wake sita wenye vitambaa vyeupe mkononi. Mwanachama akifa, wenzake walimtoa mochari, wakamleta hadi ukumbi wa mtaa, wakaimba, kisha wakatembea nyuma ya basi mpaka Outer Ring Road kabla halijashika njia ya kwao. Guka alikuwa amebeba watu hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa na ombi moja tu, na alilirudia kila alipopata homa: asirudishwe Murang'a nyuma ya pikapu kama gunia la viazi. Abebwe na wenzake.

Kijijini baba yao Kabiru alikuwa tayari ameanza kuchimba kaburi. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Hiyo ilikuwa Jumanne.

"Niitie huyo aliye hai," Waringa akamwambia Selpher.

Thuo akashuka ngazi akiwa na soksi. Katika chumba cha mashine hapakuingiwa na viatu, eti vumbi lingeidhuru. Hata meneja, Bwana Kilonzo, alivua vyake mlangoni kwa heshima ambayo kanisani hakuwahi kuionyesha. Thuo alikuwa amevaa tai ya rangi ya damu ya mzee na kalamu tatu mfukoni, na alipomwona dada yake aliinua kidole, kama daktari anayewaambia wagonjwa wasubiri kwanza.

Selpher akamwonyesha karatasi. Akaisoma. Waringa alikuwa akimtazama, akamwona akiirudia toka mwanzo.

"Kuna shida ndogo ya data," akasema.

"Shida ndogo iko mochari," Waringa akajibu. "Shida ndogo inataka basi Jumamosi."

"Si mambo ya kuongea hapa. Iko kwenye utaratibu. Nyinyi nendeni nyumbani."

"Mume wangu," cucu akauliza, "kwani umekula?"

"Nimekula, cucu."

"Basi sawa. Ulikuwa umekonda uso ghafla."

Akapanda ngazi na soksi zake, haraka kuliko alivyoshuka.

*

Kama kuna kitu Waringa alikuwa nacho cha kutosha, ni subira kwa Thuo. Walipomaliza kidato cha nne, yeye mwaka mmoja mbele yake, nyumba ilikuwa na uwezo wa kumsukuma mmoja tu mbele, na hakuna aliyekaa kikao kuamua nani. Waringa alikalishwa kwenye cherehani sebuleni kushona sare za shule, na Thuo akaenda kidato cha tano, kisha chuo kikuu, kusomea kompyuta.

Alisomea mashine ambayo kwa muda mrefu hakuruhusiwa hata kuigusa. Wanafunzi waliandika amri zao, wakazitoboa kwenye kadi ngumu, wakazipitisha dirishani kama wafungwa wanaotoa sahani za uji. Kesho yake walirudishiwa karatasi ikisema wamekosea mkato mmoja. Basi wanarudi, wanaweka mkato, wanapanga foleni tena. Thuo alikuja nyumbani mwisho wa juma akilisimulia jambo hili kwa fahari. Kufokewa na mashine, kwake, kulikuwa ni aina ya cheo.

Chuo kilipofungwa baada ya lile jaribio la mapinduzi la Agosti, alikaa Umoja zaidi ya mwaka bila mashine wala kadi. Hapo ndipo alipowageuza wao kuwa kompyuta. Aliandika programu kwenye madaftari, kisha akawakalisha mezani: Waringa alisoma amri moja moja, cucu alijumlisha, na guka, aliyekuwa ametoka zamu ya usiku, alikuwa kumbukumbu. Thuo alimwekea maharagwe kiganjani.

"Shika saba, guka. Usiyaachie mpaka nikuitishe."

"Na nikitaka kujikuna?"

"Kumbukumbu haijikuni."

Guka alishika. Alisinzia pale pale kitini, mdomo wazi, na Thuo alipomwamsha baada ya saa nzima akafungua ngumi, na maharagwe saba yalikuwa humo, yamelowa jasho. Thuo alimcheka. Waringa hakuona cha kuchekesha. Aliona mzee aliyekesha usiku kucha akilinda sabuni za watu na sasa analinda maharagwe ya mjukuu wake, wala hakuna mahali alipopumzika.

Thuo alihitimu. Parokia ikamtangaza baada ya misa. Mtaa ukampa jina: "Niaje, Kompyuta!" vijana walimwita alipopita dukani. Mama mmoja wa nyumba ya nne akamletea pasi ya umeme iliyoungua, mwingine redio. "Mimi si fundi wa pasi," akawaambia, akizungumza kupitia puani. Alianza kula kwa uma hata ugali. Alianza kuwaambia watu kwamba kitu fulani "hakina mantiki", na kitu hicho kilikuwa kwa kawaida ni mtu: kondakta, padri, mama yao. Guka peke yake ndiye aliyemwunga mkono kwa kila kitu. Alimpeleka kwa Bwana Kilonzo yeye mwenyewe, amevaa koti lake la bawabu lililofuliwa, akasema, "Mnataka mashine. Mjukuu wangu anaijua." Ndivyo Thuo alivyoipata kazi Tujaliane, na siku ya pili tu akamwomba guka asiwe anapita ofisini kumsalimia, kwa sababu haionekani vizuri.

Guka akaacha kupita. Alipokuwa na jambo na chama, alimtuma Waringa.

*

Jioni ya Jumanne hiyo Thuo alimkuta Waringa nyuma ya nyumba akianua nguo. Ndani kulikuwa na wanawake wa jumuiya wakisali rozari, na mlango ulikuwa wazi.

"Waringa, nataka tuongee kama watu wazima."

"Anza wewe kuwa."

Akavuta pumzi. "Nimemfuta."

"Umemfuta nani?"

"Guka. Kwa mashine." Akatazama mlango, akashusha sauti. "Sikiza kwanza. Chama kilikuwa na wanachama hewa. Watu wamejiandikisha mara mbili mbili ili wazike hadi majirani. Kilonzo akaniambia nisafishe. Nikaandika programu: majina yakifanana na sanduku la posta likifanana, huyo ni mtu mmoja, abaki aliyeandikwa mwisho. Ni kanuni safi. Ulaya ingefanya kazi bila shida."

"Na guka alikuwa Ulaya?"

"Sanduku letu ni la parokia, Waringa. Lake na langu. Nilipoajiriwa wakaniandikisha uanachama…"

"Hata jina la ubatizo hamfanani. Yeye Yosefu, wewe Benedikti. Na mmepishana karibu miaka hamsini!"

"Hayo niliyaacha. Yalikuwa yanakula nafasi. Mashine ni ndogo."

Waringa akaitua shuka kwenye beseni. Alitaka kuelewa jambo moja, na alitaka alisikie kutoka kinywani mwake. "Na ulipofuta, hukuona jina?"

Thuo akageuka kutazama mlango tena. Ndani wanawake walikuwa wamefika kwenye fumbo la nne.

"Niliona," akasema. "Karatasi ilitoka, nikapitia. Thuo Kabiru. Nikadhani ni mimi. Nilikuwa nimejiingiza mara nyingi wakati wa kujaribu. Nikacheka hata. Nikatia sahihi."

Basi hapo ndipo Waringa alipohisi kitu kikitulia ndani yake, kama mashapo yanavyotulia mtungini. Alikuwa ameogopa kwamba ni chuki, au uzembe, au ulevi. Haikuwa hivyo. Mtu aliliona jina la babu yake, jina alilopewa kwa heshima ya mzee huyo, na katika dunia nzima akamkumbuka mtu mmoja tu anayeitwa hivyo: yeye mwenyewe.

"Basi mrudishe," akasema.

"Ndiyo hiyo sasa. Karatasi za zamani walizichoma mashine ilipoingia. Kumrudisha kunataka mkutano wa wanachama upitishe. Mkutano ni Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo Kilonzo anatoa ripoti ya kusafisha, halafu mimi nathibitishwa kazini. Miezi yangu ya majaribio imeisha. Nikisimama niseme nimefuta mwanzilishi wa chama, babu yangu, wale wazee wataitupa ile mashine barabarani na mimi nyuma yake."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo nimefikiria. Rafiki yangu wa Eastleigh ana pikapu. Nzuri, ya juzi. Tunaweka maua, tunaweka turubai jipya. Tunaenda Ijumaa usiku kimya kimya, familia tu. Mpaka watu washtuke, tumeshamzika. Guka mwenyewe angeelewa. Alikuwa anataka niendelee mbele kuliko mtu yeyote."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomfanya Waringa atake kumpiga na mti wa kuanikia.

"Miguu yake itaangalia wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Pikapu ni fupi. Guka alikuwa mrefu. Nauliza tutamkunja magoti, au miguu itatokeza nje tumfungie kitambaa chekundu kama wale wanaobeba mbao?"

"Waringa, usinifanyie hivyo."

"Alhamisi nitakuwa ukumbini na kadi yangu ya uanachama. Useme wewe mbele ya watu, au nitasema mimi. Na tai hiyo, umeivaa tangu asubuhi. Hapa ni matangani, si benki."

Akachukua beseni akaingia ndani, akajiunga na sala katikati.

*

Alhamisi alasiri ukumbi wa mtaa ulijaa hadi madirishani. Wengi walikuwa wametoka zamu moja kwa moja, wananuka rangi, ngozi na mafuta ya mashine; wa kutoka Mukuru walikuja kwa miguu, vumbi limewapanda hadi magotini. Mwenyekiti, mzee Maingi, aliyekatwa vidole viwili na kiwanda cha chupa, alikaa katikati ya meza. Karibu yake alikaa Bwana Kilonzo na rundo la karatasi za mistari ya kijani, akilipigapiga kwa kiganja kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Kilonzo akasema maneno mengi. Tujaliane imeingia zama mpya. Wezi wameondolewa. Mashine haina mjomba, haina kijiji, haipokei kitu kidogo. Watu wakapiga makofi, kwa sababu wezi walikuwepo kweli. Kisha akamwita Benedikti Thuo, msomi wetu, kijana wetu wa Umoja, aeleze kidogo.

Thuo akasimama. Waringa, aliyeketi safu ya tatu upande wa wanawake, aliona amevua tai. Akajiambia, labda. Thuo akaangalia watu, akamwona dada yake, akaangalia dari. Kisha akafungua kinywa akazungumza Kiingereza.

Alizungumza vizuri, lazima akubaliwe hilo. Kilikuwa Kiingereza kirefu, kimenyooka, bila kigugumizi hata mahali pamoja. Kwa lugha ya watu waliokuwa mle ndani kingekuwa hivi: kwamba katika zoezi la kuondoa marudio ya kumbukumbu, kumejitokeza tukio la kuondolewa kwa kumbukumbu moja halali, lililosababishwa na kufanana kwa vitambulisho katika kizazi kinachopishana, kwamba tukio hilo linasikitikiwa, kwamba kumbukumbu husika inahusiana na marehemu wa karibuni, na kwamba anauomba mkutano uidhinishe irudishwe.

Kila neno lilikuwa la kweli. Hapakuwa na mtu ndani yake. Hakukuwa na aliyefuta, hakukuwa na aliyefutwa. Ilikuwa kama mvua imenyesha mahali fulani mbali, na kwa bahati mbaya ikalowesha kitu cha watu fulani.

Wanachama wakampigia makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele. "Huyo ni mtoto wa mtaa!" mtu akapaza sauti kutoka dirishani. Thuo akaketi haraka, na usoni alikuwa na nafuu ya mtu aliyelipita geti bila kusimamishwa.

"Asante, kijana," Maingi akasema. "Bwana meneja, sisi wengine tulisoma shule ya kazi za mikono. Tuambie amesema nini."

"Ah, ni mambo ya kitaalamu tu, mwenyekiti," Kilonzo akasema. "Anasema mashine inaendelea vizuri. Kuna marekebisho madogo madogo, anaomba tuyapitishe. Tupitishe?"

Mikono ilikuwa imeanza kupanda. Waringa alikuwa tayari ameinuka nusu wakati mzee Wamalwa alipogonga sakafu na fimbo yake. Mzee Wamalwa alikuwa Mbukusu mwenye mabega mapana kama mlango, fundi wa boila aliyestaafu, na kwa miaka yote alikuwa amebeba majeneza upande wa pili wa guka.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kiingereza changu kiliishia getini kwa kiwanda. Lakini nimesikia hapo katikati neno la mtu aliyekufa. Hilo nalijua, muzungu wangu alikuwa analitumia. Meneja hajalitaja. Na mimi niko na rafiki yangu mochari tangu Jumapili, kila siku nauliza basi, naambiwa mashine, mashine." Akageuka. "Waringa, mwanangu, wewe umesoma mpaka fomu foo. Simama. Ndugu yako amesema nini?"

Watu wote wakageuka. Thuo pia. Alimtazama kwa macho yale ya utotoni, ya alipovunja kitu na kutaka yeye aseme ni paka.

Waringa akasimama wima. Alikuwa amejiandaa siku mbili kwa maneno makali, na sasa yote yakamkimbia, yakabaki yale mafupi tu.

"Amesema alimfuta guka kwa mashine," akasema. "Yeye mwenyewe, si mashine. Majina yao ni mamoja na sanduku la posta ni moja, kwa hivyo akahesabu ni mtu mmoja. Anaomba mumrudishe ili azikwe." Akamgeukia Thuo. "Kuna lingine hakulisema, lakini ndilo lenyewe. Karatasi ilipotoka, aliliona hilo jina. Akadhani ni lake, akatia sahihi."

 Mzee Wamalwa akaanza kucheka, kicheko kikavu kisicho na furaha hata punje.

"Kwa hivyo," akasema, "mashine iliwekewa wawili. Mmoja ametubebea wafu wetu mpaka bega likapinda. Mwingine ameketi pale na kalamu tatu. Ikaambiwa ichague, ikachagua kalamu!"

Kicheko kikapasuka pande zote. Hakikuwa kicheko cha kusameheana. Kilikuwa kile cha soko, kinachomvua mtu nguo moja moja. "Kompyuta, hebu jifute na wewe tuone!" "Muulizeni kama mimi niko hai, nataka kujua kabla sijaenda zamu!" Kilonzo alisimama akainua mikono, akaketi tena. Ndipo mwanamke mmoja aitwaye Nakhumicha, mpishi wa kantini, akapanda juu ya benchi, na yeye hakuwa anacheka.

"Na sisi je? Binti yangu nimempa jina la mama mkwe wangu, na wote wawili barua zao zinakuja kwa sanduku la kiwanda. Nani hapa hana mtoto mwenye jina la mzee? Wamefutwa wangapi?"

"Kijana, jibu," Maingi akasema. "Na ujibu kwa lugha ya mama huyu."

Thuo akasimama. "Mia tatu na kidogo," akasema kwa Kiswahili, na sauti haikufika nusu ya ukumbi. Lakini iliyofika ilitosha.

Ilichukua muda mrefu watu kutulia tena. Hatimaye Maingi alipiga meza na mkono wake wa vidole vitatu. Wote waliofutwa warudishwe mpaka kila familia iulizwe kwa mdomo. Na Thuo Kabiru mkubwa abebwe Jumamosi, kwa basi, kwa wabebaji sita, na wimbo. Mikono ikapanda yote, hata ya Kilonzo, aliyeunyanyua wake mapema kidogo ili aonekane wa kwanza.

Kuhusu huyo mdogo, mkutano haukuamua lolote. Wazee waliotaka afukuzwe waligundua kwamba hakuna mwingine aliyejua hata kuiwasha hiyo mashine. Wiki iliyofuata walimthibitisha kazini. Kabla ya mwaka kuisha, kampuni kubwa ya mjini ilimnyakua kwa sababu ya uzoefu wake wa kusafisha data. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye gazeti la parokia.

*

Lakini jioni hiyo ya Alhamisi hayo yalikuwa bado. Waringa alitembea hadi nyumbani peke yake. Cucu Wakiuru alikuwa chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda upande wake. Ule mwingine hakuna aliyekuwa ameugusa; blanketi lilikuwa bado limesukumwa ukutani kama guka alivyoliacha.

"Watambeba, cucu," Waringa akasema. "Basi limeandikwa. Mzee Wamalwa anasema atabeba mwenyewe, hata wakimkataza."

Cucu akafunga macho. Mabega yake yakashuka, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili akaonekana mzee kama alivyokuwa. Machozi yakamtoka bila sauti, naye akayaacha yateremke. Waringa akaketi chini karibu na miguu yake.

Baada ya kitambo cucu akauliza, "Na mume wangu? Ni yeye alisema, ama ni nyinyi mlimsemea?"

Alikuwa amejua, basi. Pengine tangu kwenye benchi la ofisini, alipouona ule uso ukikonda.

Waringa akafikiria kudanganya. Mtu angeweza kumpa mjane zawadi hiyo ndogo.

"Alisema," akajibu. "Kwa Kiingereza."

Cucu akatikisa kichwa, akapangusa uso kwa upande wa leso. Kisha akatega sikio. Mlango wa mbele ulikuwa umefunguliwa. Mtu alikuwa ameingia sebuleni na kusimama bila kuketi, kama mgeni.

"Mwambie aje hapa."

Thuo akaja mpaka mlangoni mwa chumba. Viatu alikuwa ameviacha nje, na mikono hakujua aiweke wapi. Macho yake yaliifikia ile nusu ya kitanda iliyo tupu, yakarudi haraka. Waringa alitaka kutoka, cucu akamshika bega, akabaki.

"Mimi sikuwa huko ukumbini," cucu akasema. "Miguu yangu ilikataa. Sasa niambie mimi, kwa Kikuyu, ulimfanya nini mume wangu."

Thuo akapitisha ulimi kwenye midomo. Akaegemea mlango, akajinyanyua.

"Cucu," akasema, "mashine ilikuwa—"

Cucu akainua mkono.

"Anza tena," akamwambia.